Nisichokiona Nikiwa Kiti cha Nane

Juni 2

Nina miaka themanini na moja na meno kumi na tisa, yote yangu. Nimemzika mke, kaka zangu wawili, makocha sita wa klabu hii na daktari aliyenikataza chumvi. Nimewazika pia wapiga makasia saba niliokaa nao kwenye mashua iliyochukua kombe. Tumebaki wawili tu, mimi na nahodha Kijiko, na Kijiko hasikii. Kwa hiyo nikisimulia hakuna wa kunibishia.

Daftari hili kaniletea mjukuu wangu, binti wa binti yangu. Kasema, "Babu, andika, maana kila ukisimulia yale mashindano mto unazidi kuwa mrefu." Ana mdomo kama wa bibi yake. Shule nilifika darasa la tatu, la nne nililiona dirishani. Mwandiko wangu unalala upande, lakini nimewaona wenye mwandiko uliosimama na hawakuwahi kushinda kitu.

Kwa asiyejua: mashua yetu ni ya watu wanane, kila mmoja na kasia lake moja. Wote wanane wanakaa wakiupa mgongo ule upande wanaokwenda. Anayetazama mbele ni nahodha peke yake, mtu mdogo mwenye sauti kubwa, anakaa nyuma kabisa na kamba za usukani. Anayekaa mbele ya uso wa nahodha, goti kwa goti, ndiye kiti cha nane. Huyo ndiye anayeweka mapigo, na wote walio nyuma ya mgongo wake wanamfuata. Kiti cha nane nilikuwa mimi.

Juni 4

Mvua. Wasichana wa klabu, mjukuu wangu akiwemo, wamefanya mazoezi ndani kwenye zile mashine za kuvuta kamba. Unavuta saa nzima na hujaondoka mlangoni. Sitasema zaidi.

Juni 9

Katibu wa klabu amesikia ninaandika, anataka niweke historia. Haya, historia hii hapa.

Mchezo huu ulianzishwa na wavushaji, watu wa kuvusha abiria mtoni, waliokuwa wanakimbizana kuwahi wateja. Mabwana wakaona ni mzuri, wakaununulia kofia na vikombe, halafu wakaweka sheria kwamba mtu anayefanya kazi ya mikono haruhusiwi kushindana. Eti misuli yake ni udanganyifu. Klabu ya ng'ambo ya mto ilishika sheria hiyo mpaka mimi nilipokuwa kijana. Mwaka walioiondoa, mashua yetu ilikuwa na maseremala wawili, mwashi, wapakia meli watatu, mchinja nyama na fundi baiskeli, na nahodha kinyozi. Tukawapita baada ya daraja. Walioshindwa huvua fulana na kuwapa washindi, kiti kwa kiti, ndiyo desturi. Fulana ya kiti chao cha nane iko ukutani kwangu ndani ya kioo. Niliitengenezea fremu mwenyewe, mbao ya mwerezi.

Fundi baiskeli alikuwa kiti cha saba, nyuma yangu tu. Nilimpa jina la Mzigo, kwa sababu nilimvuta kama gunia la mawe mpaka mwisho. Jina likamganda. Alikuwa akinisikia nasimulia hivyo kila Jumamosi, anacheka mpaka anafuta machozi. Mtu mwema sana, Mungu amrehemu.

Juni 13

Nimepaka vanishi ile mashua yetu ya zamani, iliyochukua kombe. Klabu ilitaka kuipasua kuni miaka mingi iliyopita, nikalala ndani yake siku mbili mpaka wakanipa. Ni mali yangu, wameandika na muhuri wakapiga. Mjukuu kaja akakunja pua. "Babu, nani ataipanda hii?" Nikamwambia, "Wewe kaa hapo ucheke."

Juni 17



Wasichana walikuwa wanashuka mtoni, mwendo mzuri, mimi niko gatini. Mvua za juzi zimeleta gogo. Sikuliona wala nahodha wao hakuliona, lilikuwa limezama na kuacha mgongo tu. Nikasikia kishindo, kama mlango uliopigwa teke. Mashua mpya, ya plastiki ngumu ile inayosifiwa, ikakatika kati kama mkate. Vichwa majini, vilipaswa kuwa tisa. Nilihesabu nikapata nane. Nikahesabu tena, nane. Nilikuwa nimeingia mtoni mpaka kifuani, na miaka yangu hii, ndipo mjukuu wangu akaibuka upande wa pili amemshika nahodha kwa kola.

Wote wazima. Mmoja kashonwa kidevu. Mimi nimekaa kitandani na soksi zimelowa, sina nguvu ya kuzivua.

Juni 18

Kocha amekuja kwangu. Ni mwanamke mrefu, filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakunywa chai. Akasimama mlangoni.

"Mzee, unajua nimekuja kutafuta nini."

"Najua. Sema wewe."

"Mashindano makubwa ni mwisho wa Julai. Wasichana hawajawahi kuruhusiwa kuingia, mwaka huu ndiyo mara ya kwanza. Sina mashua. Klabu zote nimepiga simu. Nimebakiwa na yako."

Nikamwacha asubiri. Nikakoroga chai isiyo na sukari.

"Mtaichukua. Lakini mjukuu wangu akae kiti cha nane."

"Mzee, mjukuu wako ni kiti cha saba. Wa nane ni Twiga." Twiga ndiye yule msichana mwenye shingo.

"Mashua ni yangu. Kiti cha nane ni cha damu yangu. La sivyo mkashindane kwenye mashine zenu."

Akanitazama kama anayetazama mlango uliokwama. Akasema sawa.

Mjukuu alikuja baadaye, hakukaa. "Babu, umenifanyia nini? Mimi nataka saba. Saba anaushika upande wote wa kulia. Twiga anaweka mapigo, mimi nayapeleka kwa wenzangu. Ndiyo kazi yangu."

"Saba ni kiti cha mzigo."

"Basi mimi ni mzigo," akasema, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Juni 20

Mjukuu amezoea kasia la kulia, na kiti cha nane kasia lake liko kushoto. Hilo halinishindi. Nimefungua mikono yote ya chuma inayoshika makasia nikaihamisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Wasichana watabadilishana viti wawili wawili, Twiga akae saba, na kila mmoja atapiga upande wake aliouzoea. Kocha alisimama ananitazama mikono kifuani. Nani mwingine mji huu angeweza kazi hiyo?

Juni 21

Mgongo unauma.

Juni 25

Mashua haiendi. Inakwenda, lakini inakwenda kama meza inayoburuzwa sakafuni. Wananyanyua makasia pamoja na kuyachovya mmoja mmoja. Nimewaambia ni uvivu. Mjukuu anavuta kwa nguvu zote, naona mishipa ya shingo, na hanitazami wakipita.

Juni 28

Vilevile.

Julai 1

Kocha kaniita, akatoa simu. Anapiga picha za video za mazoezi akiwa kwenye boti ya injini.

"Tazama hii ya Mei, mzee, mjukuu wako akiwa saba."

Nikatazama. Mashua mpya, kabla ya gogo. Inateleza. Kila mmoja yumo ndani ya mwenzake.

"Sasa mtazame yeye peke yake."

Nikamtazama. Akifika mbele kabisa, kabla kasia halijagusa maji, anangoja. Kitu kidogo, kama mtu anayemeza mate. Na upande wake wote unangoja naye. Halafu wote wanaingia.

"Hiyo," kocha akasema, "simfundishi mtu. Amezaliwa nayo. Nikimweka nane hakuna wa kumshika nyuma. Mapigo yanafia mgongoni kwake."

Nikamrudishia simu yake. Nikamwambia picha zinadanganya, mimi nimekaa kiti hicho, najua kilicho nyuma ya mgongo wangu.

"Unajuaje, mzee?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Hukuwahi kugeuka."

Kesho nakwenda kwa Kijiko. Yeye alikuwa anatazama mbele. Atawaambia.

Julai 2

Sijui nianzie wapi.

Kijiko anakaa kwa binti yake, mtaa wa juu, chumba cha uani. Nilimkuta anakata kucha. Amekuwa mdogo mpaka kiti kimemzidi. Nikapiga kelele kama kawaida yetu.

"KIJIKO! NJOO UWAAMBIE WALE WATOTO KAZI YA KITI CHA NANE!"

"Usipige kelele. Nasikia."

"Tangu lini?"

"Binti kaninunulia kidude cha sikioni. Sasa nasikia hata nisivyovitaka. Kama wewe. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza kuhusu gogo, kocha, mjukuu, ile picha. Nikamwambia aje bandani kwa mashua kesho aeleze vile nilivyowavuta wote baada ya daraja. Akaendelea na kucha zake mpaka akamaliza mkono mzima.

"Baada ya daraja," akasema, "wewe unakumbuka nini?"

"Nakumbuka kila kitu."

"Taja kimoja."

Nikafungua mdomo. Nakumbuka daraja, kivuli chake baridi. Nakumbuka kubebwa mabegani. Katikati pale nikatafuta, nikapata yale ninayosimulia. Maneno tu. Nikatafuta maji, nikatafuta uso wa Kijiko ambao ulikuwa umbali wa mkono. Haupo.

"Mimi nilikuwa nakuona," Kijiko akasema. "Wewe hukuwa unaniona. Macho yalikuwa wazi lakini hayana mtu. Kasia lako lilikuwa linaingia limechelewa, linatoka limechelewa, mikono inakwenda kwa mazoea. Nikakuita kwa jina lako. Nikakumwagia maji usoni kwa kiganja. Hukupepesa."

"Unasema uongo."

"Nikamwita yule wa nyuma yako. Nikamwambia, Saba, chukua. Akachukua. Akaanza kuhema kwa sauti, kama mtu anayepasua kuni, na wote wakaifuata pumzi yake. Hata wewe uliifuata, mwili wako uliifuata. Yeye ndiye aliyetufikisha."

"Mzigo?"

"Usimwite hivyo humu ndani kwangu."

Nilisimama. Nilitaka kumpiga mzee wa watu mwenye kilo arobaini. Nikamwuliza kwa nini basi watu wote wanane walikaa kimya maisha yao yote.

"Ulimzika baba yako Jumatano. Mashindano Jumamosi. Tulikuambia upumzike, ukasema tukikuacha utakuja kuitoboa mashua. Tukakuchukua. Tulipovuka mwisho ukaanguka kwenye magoti yangu, watu wakadhani ni furaha, wakakubeba. Tukataka kusema. Yeye akatuzuia. Akasema, mwacheni, wiki hii amepoteza vya kutosha."

"Na wiki iliyofuata?"

"Wiki iliyofuata ulikuwa umeshalisimulia soko zima."

Nilitoka bila kuaga. Nilikosa njia ya nyumbani, njia ninayoijua tangu sina meno.

Julai 3

Kijiko amezeeka, akili imemruka. Uongo mtupu.

Julai 4

Uongo.

Julai 6

Sijaenda bandani. Mjukuu kaacha chakula mlangoni.

Julai 7

Nimekumbuka jambo moja ambalo sikuwa nalo. Sauti nyuma yangu. Hah. Hah. Hah. Nilidhani siku zote ni pumzi yangu.

Julai 9

Nimekwenda kwa mjane wa yule fundi baiskeli. Anashona mapazia, nyumba imejaa vitambaa, unakaa ulipopewa. Tangu mazishi sikuwa nimekanyaga pale.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi?"

Nikamwuliza hapohapo, maana ningengoja ningekimbia. "Ulikuwa unajua?"

Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Hakuuliza ninasema nini.

"Shemeji, nimelala na yule bwana miaka arobaini. Nisijue nini?"

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa akisema wewe unaisimulia vizuri kuliko yeye angeweza. Ukiacha wewe, nani ataisimulia? Alikuwa anatoka hapa Jumamosi kwenda kukusikiliza kama anakwenda sinema. Akirudi ananiambia, leo kanivuta kwa mkono mmoja."

Akacheka. Mimi sikuweza. Nikamwuliza fulana yake ya ushindi iko wapi, ya kiti cha saba cha ng'ambo. Niliogopa kwamba nayo iko kwenye fremu mahali.

"Ile? Alipangusia minyororo ya baiskeli mpaka ikaisha. Alisema ni pamba safi."

Halafu nikasema lililonikaba tangu kwa Kijiko. Nilisimama kaburini kwa mtu huyu. Kaburini kwake, udongo mbichi, watoto wake wamesimama, nikasimulia nilivyomvuta kama gunia la mawe. Na watu wakacheka.

"Hata mimi nilicheka," akasema. "Kweli nilicheka. Yeye angecheka zaidi." Akaukata uzi kwa meno. "Nilikasirika mara moja tu. Wanangu walipoanza kuitwa watoto wa Mzigo shuleni, mdogo akarudi analia. Siku ile nilichukua mkasi huu nikawa nakuja kwako. Akanizuia mlangoni."

Niliutazama mkasi. Ni mkubwa, wa kukatia mapazia.

Nikajikuta namweleza habari za mashua na mjukuu. Akanisikiliza huku anapima kitambaa.

"Na mtoto mwenyewe anataka kiti gani?"

"Cha saba."

"Sasa unamkatalia nini, shemeji?"

Julai 10

Nimekwenda bandani mapema. Nikaanza kufungua mikono ya chuma, kuirudisha ilivyokuwa. Spana ilinianguka mara nyingi. Mjukuu akaingia, akaona, akashika upande wa pili wa kila nati bila kuuliza. 

Tulipomaliza nikamwambia, "Kaa kiti cha nane."

"Babu, tumeshamaliza hayo."

"Kaa kidogo tu. Mimi nakaa nyuma yako."

Mashua ilikuwa juu ya magogo yake, ndani ya banda. Ilinichukua muda kukunja miguu hii. Sijawahi kukaa kiti cha saba maishani. Nimeipaka mashua hii, nimeiziba, nimelala ndani yake, lakini pale sikuwahi kukaa. Kwa nini nikae?

Nikatazama mbele. Nikaona mgongo. Mgongo, shingo, kisogo, basi. Nahodha humwoni, mto huuoni. Unauona mgongo ukilegea kabla mwenyewe hajajua. Unaona bega likizama. Ukitaka unaweza kumtukana, hatajua. Ukitaka unaweza kumbeba, hatajua pia.

"Babu, unalia?"

"Vanishi," nikasema.

Julai 11

Wametoka na mashua, Twiga nane, mjukuu saba. Inateleza.

Julai 15

Inateleza.

Julai 19

Mvua na upepo. Hawakutoka. Mashine. Zina faida yake kidogo.

Julai 27

Siku yenyewe. Watu pande zote za mto, mashua za ng'ambo zinang'aa kama sahani mpya. Yetu ilipobebwa kupita mbele yao ikachekwa. Kijana mmoja akauliza kama tumeitoa makumbusho. Nikamwambia ndiyo, na mimi nilikuja nayo, bei moja.

Asubuhi, kabla sijatoka, nilivunja ile fremu. Kioo kilikataa, nikakigonga na kisigino cha kiatu. Nilikwenda na fulana mfukoni. Wakati wasichana wanafunga viatu nikapiga magoti gatini nikapangusa njia za kiti cha saba, zile reli mbili ambazo kiti kinatelezea, nikapangusa matone yote, halafu nikapaka grisi kidogo kwa hiyohiyo. Ni pamba safi kweli. Kijiko alikuwa nyuma yangu kwenye kiti cha magurudumu, binti yake anamsukuma.

"Hiyo si ile ya ukutani?" akauliza.

"Ndiyo."

Halafu akasema, "Pangusa na ule upande wa kushoto, umeacha tone."

Mashindano sitayasimulia. Mimi, sitayasimulia. Nitasema tu kwamba baada ya daraja walikuwa nyuma, na wakitoka kivulini hawakuwa nyuma tena, na mimi sikupiga kelele kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Kwa mbali, juu ya maji, nilisikia mtu anahema.

Walishinda kwa urefu wa kiti kimoja. Watu wakaingia majini, wakamtosa nahodha mtoni kama desturi, wakamwinua Twiga mabegani. Twiga alikuwa analia na kucheka. Kila jicho lilikuwa kwa Twiga. Mjukuu wangu alikuwa bado ameketi kwenye mashua, ameinama, anafungua kamba za viatu.

Nilifungua mdomo kuwaambia wote. Nikaufunga. Sikujua kama ninaloliona ndilo.

Alipofika gatini na fulana aliyopewa na saba wa ng'ambo nikamwuliza, "Baada ya daraja, mapigo yalikuwa ya nani?"

Akaikunja fulana, akanipa nimshikie. "Muulize nahodha."

Nahodha wao akapita anadondosha maji, kibinti kama kijiko kweli. Nikamwuliza. Akamtazama mjukuu wangu, akamtazama Twiga kule juu mabegani, akasema, "Babu, hayo ni ya ndani ya mashua."

Kijiko akacheka mpaka kidude kikamtoka sikioni.

Julai 28

Katibu amechukua habari hii akaichape. Nimemwambia popote nilipoandika Mzigo aache palivyo, ili watu waone nani alikuwa hajui. Lakini kuanzia hapa aitwe Saba, na watoto wake watoto wa Saba.

Asiyeniamini amwendee nahodha Kijiko, mtaa wa juu, chumba cha uani. Siku hizi anasikia. Amwendee mjane wa Saba, asimwulize akiwa ameshika mkasi. Amwendee mjukuu wangu, naye atakataa kusema. Shahidi mkubwa kuliko hao nilimzika mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, na hata angekuwa hai msingepata neno. Angecheka, angefuta machozi, angewaambia mje kwangu, mimi ndiye ninayeisimulia vizuri.